Sake ya Usagara

Radi ilipiga transfoma ya Usagara siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, na mara moja mashine zote za njia panda zikanyamaza: ya kukoboa, ya kusaga, ya kuchomelea mageti. Nyumbani kwa Mwalimu Yeremia Mutalemwa kilichonyamaza ni viyoyozi viwili vya gereji. Binti yake, Kokuberwa, alikuwa jikoni akinywa chai. Aliweka kikombe mezani kabla hakijafika nusu, akatoka mbio pekupeku.

Gereji ile haikuwa na gari. Kuta zake zilikuwa zimezungushiwa viroba vya makapi ya mpunga vilivyopangwa hadi darini ili joto la nje lisipenye. Katikati lilisimama tangi la chuma lenye lita tisini za rojo jeupe lililokuwa likitoa mapovu polepole. Rojo hilo lilikuwa mchele, maji, hamira na koji, ule ukungu ambao Wajapani huuotesha juu ya mchele uliopikwa kwa mvuke ili wanga wake ugeuke sukari. Lilikuwa na siku kumi na moja. Likikaa kwenye baridi siku nyingine kumi na nne lingekuwa sake, pombe ya mchele ya daraja la juu. Likipata joto lingekuwa siki.

Koku, kama walivyozoea kumwita, alisoma digrii kwenye kipimajoto. Kumi na moja. Akafunga mlango, akabana nguo kuukuu kwenye upenyo wa chini, akasimama nje na mikono kiunoni. Mama yake, Rebeka, alikuwa ameshafika.

"Mafundi wanasemaje?" mama akauliza.

"Nimewapigia. Transfoma imeungua kabisa. Nyingine itachukua siku tano au sita."

"Na jenereta ya jirani?"

"Tuijaribu."

Waliijaribu. Ilizoea kuwasha taa nne na televisheni. Ilipopewa kiyoyozi ilikohoa mara tatu, ikatoa moshi mweusi, na jirani akaomba kwa upole arudishiwe.

Saa saba mchana kipimajoto kilisema kumi na mbili na nusu. Koku aliketi kwenye ngazi ya gereji. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Alikuwa amefanya kazi majira mawili ya baridi katika kiwanda kidogo cha sake huko Japani, akiosha mchele kwa maji ya barafu mpaka vidole vikapasuka, na aliporudi aliacha kazi ya kupima samaki maabara ili atengeneze kitu chake mwenyewe. Kwa rojo lile alikuwa amenunua kilo themanini za mchele mzuri wa Magu, akaupeleka mashineni Kisesa, akataka urudishwe mashineni tena na tena mpaka zibaki kilo arobaini. Mwenye mashine alimwita mkewe aje aone. "Dada," alimwambia, "watu wanakoboa ili wale. Wewe unakoboa ili umwage?" Koku alimweleza kwamba ladha mbaya zote zinakaa nje ya punje, na kwamba moyo wa punje ndio unaotakiwa. Mwenye mashine alichukua pesa yake akatikisa kichwa. Unga uliotoka Rebeka aliupikia vitumbua mwezi mzima.

"Ilikuwa ngapi saa nne?"

Sauti ilitoka dirishani. Koku na mama yake waligeuka pamoja. Mwalimu Yeremia alikuwa amesimama sebuleni, miwani kwenye paji la uso, gazeti mkononi. Miezi minne tangu tangi lile lilipoletwa hakuwa amesogelea gereji. Wageni walipouliza kulikoni na viroba vile, alijibu, "Ni maabara ya binti yangu," akabadilisha mazungumzo. Alikuwa mzee wa kanisa, lakini habari za pombe zilifika kanisani kabla ya tangi lenyewe. Tangu Pasaka walikuwa wamemwomba apumzike kidogo kushika kapu la sadaka, na hakuna aliyemwambia mapumziko hayo yataisha lini.

"Kumi na moja, Baba," Koku akajibu.

"Na sasa?"

"Kumi na mbili na nusu."

Mwalimu alichukua kalamu akaandika pembeni mwa gazeti. Alikuwa amefundisha kemia miaka thelathini na mmoja, na kama kuna kitu hakuweza kukivumilia ni kuona jaribio likiharibika huku watu wamekaa.

"Nusu digrii kila saa. Na kadiri linavyopata joto hamira inafanya kazi zaidi, inatoa joto zaidi. Kwa hiyo haitabaki nusu digrii. Mwisho wako ni ngapi?"

"Kumi na tano. Ikipita hapo harufu inaharibika. Ikifika ishirini hamira inakimbia kama ng'ombe waliovunja zizi, halafu inakufa yote."

"Basi kesho asubuhi huna kitu."

"Najua, Baba."

Alikunja gazeti. "Barafu."

"Nimeshauliza dukani. Wana mifuko sita ya juisi."

"Sizungumzii barafu ya juisi. Nazungumzia ya samaki." Akaingia chumbani, akatoka amevaa viatu vyake vya kufundishia. "Mama Koku, niitie yule kijana mwenye kigari cha kirikuu."

*

Kiwanda cha barafu kilikuwa mjini, karibu na mwalo wa kushushia samaki, na getini kulikuwa na foleni ya magari ya samaki. Mlinzi alimtazama Mwalimu kuanzia kola ya shati jeupe mpaka viatu vilivyong'aa.

"Mzee, hapa hatuuzi barafu ya sherehe."

"Nahitaji kilo mia moja. Na kesho mia nyingine."

"Una kitambulisho cha mchuuzi wa samaki?"

"Sina."

"Basi kaa pale. Msimamizi akitoka utamwona."

Pale palikuwa jiwe, nalo lilikuwa juani. Alikaa saa nzima na dakika kumi. Mama mmoja mwenye ndoo ya samaki aina ya furu alimsogezea kanga ajifunike kichwa, naye alishukuru akaipokea, jambo ambalo siku nyingine asingelifanya. Hatimaye msimamizi alitoka, mwanaume wa makamo mwenye kofia ya vitobo na makoti mawili mazito moja juu ya jingine. Alipomwona aliyekaa kwenye jiwe alisimama.

"Mwalimu Mutalemwa. Shikamoo."

"Marahaba." Mwalimu alimtazama kwa muda. "Lukman. Kidato cha pili B."

"Mwenyewe. Uliniambia nisimame nje ya maabara mpaka nijifunze kushika vitu kwa adabu."

"Ulikuwa umevunja chupa ya kupimia."

"Tatu, Mwalimu. Mbili hukuziona." Lukman alicheka, akamvuta kivulini. "Sasa nini tena? Umestaafu ukaingia kwenye samaki?"

Uongo ulikuwa tayari umetengenezwa. Ingetosha Mwalimu aitikie kwa kichwa. Barafu ingepakiwa, na mjini asingejua mtu. Alipangusa jasho.

"Hapana. Ni pombe."

"Pombe?"

"Binti yangu anatengeneza pombe ya mchele, ya Kijapani. Umeme umekatika Usagara na tangi linapata joto. Nisipopata barafu leo kazi yake ya miezi minne inaoza."

Nyuma yao lori lilikuwa likirudi kinyumenyume na mtu akilipigia mluzi.

"Mwalimu, mimi pombe siigusi. Hilo unalijua."

"Nalijua. Kama haiwezekani, nitaelewa."

"Ngoja nimalize. Barafu ni maji ya ziwa. Kiwanda kinamuuzia anayelipa, na hakimuulizi anakwenda kupoza nini. Kosa langu ni kuuliza." Akajikuna shingoni. "Utapewa kilo mia kila asubuhi kwa bei ya wavuvi mpaka umeme urudi. Nitamwambia mlinzi. Ila mimi mkono wangu hautabeba, na hawa vijana sitawaagiza wabebe."

"Nitabeba mwenyewe."

Magunia yalikuwa manne. Mwalimu alikuwa na miaka sitini na sita. Alibeba la kwanza begani kutoka kwenye sakafu ya barafu mpaka kwenye kirikuu, maji yakimshuka mgongoni, na wapakiaji wa samaki wakasimama kutazama. "Mzee, hiyo suti ya harusi utaiua," mmoja akasema, na wengine wakacheka. Alibeba la pili. Kwenye la tatu aliteleza akapiga goti chini, na hapo hakucheka mtu. Dereva wa kirikuu akashuka kubeba la nne. Lukman alikuwa amesimama mlangoni, mikono ndani ya makoti, na Mwalimu alipopita mbele yake alisema kwa sauti ndogo, "Kesho njoo na gamubuti, Mwalimu. Hapa panateleza."

*

Kirikuu kilipoingia uani, kipimajoto kilikuwa kumi na nne na pointi mbili. Mwalimu alishuka, akachukua gunia begani, akaelekea mlango wa gereji ambao hakuwa ameuvuka tangu tangi liletwe. Koku alikuwa amesimama hapo. Akanyoosha mkono kumzuia.

"Baba, usiingie."

Alisimama, gunia begani.

"Unanuka samaki," Koku akasema, na macho yake yalikuwa yakimwomba radhi. "Magunia pia. Harufu hiyo ikiingia humu itakaa kwenye pombe, haitoki tena. Tuyashushe hapa nje. Barafu tuihamishie kwenye mifuko safi. Na wewe ukitaka kuingia, uoge."

Rebeka, aliyekuwa ameshika beseni, alingoja mumewe aseme kitu. Mumewe aliliteremsha gunia chini.

"Ndimu zipo?" akauliza.

Alioga kwa ndimu na sabuni ya kufulia, akasugua mpaka viwikoni, akasafisha kucha kwa kijiti, akavaa shati lililonyooshwa. Koku alimnusa mikono yote miwili kama anavyonuswa samaki sokoni, akamruhusu. Ndani, tangi la chuma lilikuwa limesimama ndani ya simtanki, lile pipa kubwa la plastiki la maji, lililokatwa nusu na kujazwa maji. Wakatumbukiza mifuko ya barafu kuzunguka tangi, wakayakoroga maji kwa ubao, wakangoja. Mwalimu aliinama juu ya rojo. Lilikuwa likipumua. Mapovu yalipanda, yakapasuka, na chini yake yakasikika kama mvua ndogo juu ya majani ya migomba.

"Kumi na tatu na pointi nane," Koku akasema baada ya robo saa.

"Linashuka," Mwalimu akasema. "Lete chaki."

Tangu saa hiyo ukuta uliokuwa karibu na mlango ukawa na mchoro: saa upande wa chini, joto upande wa kushoto, na nukta kila baada ya saa nne. Waligawana zamu watatu. Kila asubuhi Mwalimu alikwenda kwa Lukman akiwa na gamubuti, akarudi, akaoga kwa ndimu. Nukta zilipanda zikashuka kati ya kumi na mbili na kumi na nne. Mara moja tu, Alhamisi mchana, iligusa kumi na tano na nusu, kirikuu kilipopasukiwa gurudumu njiani. Siku hiyo Koku alitoka nje, akatembea mpaka kwenye mpapai, akarudi kukoroga maji.

Ijumaa alasiri Mwalimu na mkewe walikuwa wakiosha magunia bombani. Rebeka alikuwa akikwangua magamba kwa kisu cha meza.

"Mama yako angekuona leo angecheka mpaka alie," akasema.

Mama yake Mwalimu aliitwa Kokuberwa pia. Mjukuu alirithi jina lake. Bibi huyo alikuwa mpika rubisi, pombe ya ndizi, huko Muleba, kwenye mtumbwi wa kukanyagia ndizi nyuma ya nyumba. Hilo Rebeka alilijua. Asilolijua ni lile ambalo mumewe alilisema sasa, akiendelea kusugua.

"Nikiwa kidato cha kwanza alikuja shuleni. Alikuwa na dumu la rubisi kichwani, anakwenda kuliuza msibani kijiji cha pili. Wenzangu walimwona, wakaanza kuimba. Nikajificha chooni. Nilikaa humo mpaka nikasikia kengele ya chakula. Nilipotoka mlinzi akanipa kifundo cha kanga. Mama alikuwa ameniachia humo ada ya muhula mzima, noti na sarafu, zote zinanuka ndizi."

Rebeka aliacha kukwangua.

"Baba Koku. Miaka yote hii hukuwahi kuniambia."

"Na yeye sikumwambia kwamba nilikuwa chooni. Alidhani niko darasani. Alikuwa akiwasimulia watu: nilikwenda nikamkuta mwanangu anasoma."

Koku alikuwa mlangoni mwa gereji akiwa amebeba ndoo tupu. Alisikia yote. Alikuja akachuchumaa kati yao, akachukua gunia jingine, wakaosha watatu mpaka yakaisha.

*

Jumapili Mwalimu hakwenda kanisani. Zamu ya saa nne ilikuwa yake. Baada ya ibada Mzee Jonathan, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, alikuja na mama mmoja wa kamati kumjulia hali, kwa kuwa katika miaka kumi na minane Mwalimu hakuwahi kukosa bila taarifa. Walimkuta uani, suruali imekunjwa mpaka magotini, anahamisha barafu kwa sepetu.

"Tulidhani unaumwa," Mzee Jonathan akasema baada ya salamu.

"Mzima kabisa. Karibuni. Msikanyage hapo, kuna maji."

Mama wa kamati alitazama viroba, magunia, na mlango uliokuwa wazi. "Hii ndiyo ile maabara, Mwalimu?"

Rebeka, aliyekuwa anatoa viti, alisimama navyo mkononi.

"Si maabara," Mwalimu akasema. "Nilisema hivyo kwa sababu niliona aibu. Ni mahali pa kutengenezea pombe. Ina kibali cha serikali na kodi yake inalipwa. Mtengenezaji ni binti yangu, na mimi namsaidia kubeba barafu."

Mzee Jonathan alivua kofia akaivaa tena. "Wewe ni mwalimu wa watu, Yeremia. Watoto wanakutazama."

"Ndiyo maana sipendi wanione nimejificha." Alichoma sepetu kwenye barafu. "Mimi mwenyewe nimelewa mara ngapi, Jonathan? Unanijua."

"Hata mara moja."

"Na huyu binti je? Umewahi kumwona njiani anayumba?"

"Sijasema hivyo."

"Kapu la sadaka mpeni mtu mwingine. Sina kinyongo. Lakini mkiniuliza kwangu kunafanyika nini, kuanzia leo jibu ni hilo. Karibuni chai."

Walikunywa chai. Mazungumzo yalikuwa ya mvua na bei ya mbegu. Walipoondoka mama wa kamati alichungulia gereji mara moja, akauliza kwa sauti ya chini kama ni kweli nusu ya mchele inasuguliwa na kutolewa. Koku alimwonyesha konzi ya mchele uliobaki, punje ndogo za mviringo, nyeupe kama shanga. Mama yule aliziviringisha kiganjani. "Makubwa," akasema, akazirudisha moja moja bila kudondosha hata moja.

Umeme ulirudi Jumatatu jioni. Usagara nzima ilipiga kelele. Katika gereji viyoyozi vilitetemeka vikaanza, na Mwalimu aliweka nukta ya mwisho ukutani: kumi na mbili kamili.

*

Siku ya ishirini na tano walilikamua. Koku alimimina rojo kwenye mifuko ya kitambaa, akaitundika juu ya ndoo, na kilichodondoka kilikuwa cheupe kwanza, kisha kikang'aa mpaka ukaona chini ya ndoo. Alikinga kwenye kikombe kidogo. Alinusa, akaonja, akatema, akaonja tena. Wazazi wake walikuwa wakimtazama usoni kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani.

"Mwishoni ina ukali ambao sikuutaka," akasema. "Ni ile Alhamisi."

"Imeharibika?" Rebeka akauliza.

"Haijaharibika. Siyo ile niliyokuwa nimeipanga kichwani. Lakini..." Akaonja tena, na safari hii akameza. "Lakini ni nzuri, Mama. Ni nzuri."

Rebeka alionja akasema inateleza. Mwalimu alipokea kikombe kwa mikono miwili. Hakunywa mara moja. Alikishika chini ya pua, akafumba macho, na alipoyafumbua alimtazama binti yake kwa mashaka.

"Umetia ndizi humu?"

"Sijatia."

"Hii ni harufu ya ndizi mbivu."

"Inatoka kwenye hamira. Mchele ukisuguliwa sana na baridi ikikaa vizuri, hamira inatoa harufu hiyo yenyewe. Kule Japani wanahangaika mwaka mzima kuipata."

"Yenyewe," Mwalimu akarudia. Akanywa yote, akageukia ukutani akajifanya anasoma mchoro wake wa chaki.

Zilipatikana chupa themanini, na moja ya kuonjesha. Lebo ilikuwa nyeupe, na maandishi meusi: Sake ya Usagara. Mchele wa Magu. Mwanza, Tanzania.

*

Mnunuzi wa vinywaji wa hoteli kubwa iliyokuwa kando ya ziwa aliitwa Venant. Ni yeye aliyekuwa amemwambia Koku, miezi mitano nyuma, alete akishamaliza. Aliwapokea vizuri, baba na binti, akawaketisha kwenye baa iliyokuwa bado haijafunguliwa. Alikuwa anaijua kazi yake. Alileta chupa ya sake kutoka ng'ambo, akamimina zote mbili kwenye glasi nne zisizo na alama, akamwita mpishi mkuu, na wote wawili wakaonja kimya. Mpishi alisogeza glasi moja mbele. Venant naye akasogeza yenye pombe ileile.

"Ipi hiyo?" Koku akauliza, ingawa alishaijua kwa harufu.

"Yako," Venant akasema. "Ile nyingine ni laini zaidi. Yako ina kitu mwishoni kinachokufanya unyooshe mkono tena. Kwa sangara wa kuchoma itafaa sana. Una chupa ngapi?"

"Themanini."

"Nachukua zote. Laki na ishirini kila moja."

Koku alishika ukingo wa kiti. Mwalimu aliyatazama maji ya ziwa nje ya dirisha.

"Kuna jambo moja tu," Venant akaendelea, akigeuza chupa taratibu. "Hii lebo. Toa Usagara, toa Magu. Weka maandishi ya Kijapani, mawili matatu, tuna mtu wa kukuchorea. Mteja anayelipa bei hiyo akisoma Usagara anafikiria mahindi ya kuchoma dirishani mwa basi. Hatakunywa, dada. Si mimi ninayesema, ni soko."

"Nikiiacha ilivyo?"

"Ukiiacha ilivyo naweza kujaribu ishirini, kwa elfu arobaini."

"Ni pombe ileile."

"Ileile. Ndiyo biashara ilivyo."

Koku alimgeukia baba yake. Alimjua baba huyu kwa miaka thelathini na mmoja, na sehemu fulani ya moyo wake ilitazamia kumwona ametua mzigo, jina la kwao limefutwa na pesa imeingia. Mwalimu alikuwa amekunja mikono mezani. Gotini suruali yake ilikuwa na kiraka, pale alipoanguka na gunia.

"Usinitazame mimi," akasema. "Mwenye kazi ni wewe. Mjibu mwenyewe."

Koku alipiga hesabu. Kwa milioni tisa na laki sita angeweza kununua jenereta na tangi la pili, akakaa miaka miwili bila wasiwasi.

"Hapana," Koku akasema. "Japani wanaandika kwenye chupa jina la mji na la mchele. Wanajivunia. Nilijifunza kwao, siwezi kujifunza nusu. Chupa ni laki na ishirini, na imeandikwa Usagara. Ukitaka moja, nakuuzia moja."

Venant alicheka kidogo, lakini si kwa dharau. Alinywa kilichobaki kwenye glasi yake, ingawa kazi ya kuonja ilikuwa imekwisha.

"Sita," akasema. "Kwa bei yako. Zisiponunuliwa usinirudie."

Walitoka na chupa sabini na nne. Kirikuu kilipotoka nje ya mji Mwalimu alisema, "Ungechukua zile pesa nisingekulaumu."

"Najua, Baba."

"Lakini nisingelala vizuri."

*

Zile sita zilikaa hotelini wiki tatu. Rebeka alizoea kuuliza kila Ijumaa, kisha akaacha kuuliza. Koku aliuza chupa tisa, moja moja, kwa watu wa harusi na kwa daktari mmoja aliyewahi kuishi ng'ambo. Tangi lilikuwa limeoshwa, na mchele mwingine ulikuwa Kisesa mashineni, ambako mwenye mashine sasa alikuwa akiwaambia wateja wengine wangoje, kuna kazi ya ustadi inaendelea.

Wiki ya nne Venant alipiga simu. Chupa sita zilikuwa zimekwisha. Hazikununuliwa na Wajapani. Nne zilinunuliwa na watu wa Mwanza waliokuwa wakisherehekea mahafali, mmoja wao akiwa ametoka Usagara, na alipiga picha lebo akaituma kwa kila anayemjua. Sasa Venant alitaka ishirini na nne, kwa bei ileile.

"Lakini nina shida," Venant akasema. "Wahudumu wangu wanaulizwa maswali hawana majibu. Pombe ya mchele ni nini, mchele unasuguliwa kwa nini, Usagara imeingiaje. Unaweza kuja kuwafundisha?"

Koku alifunika simu kwa kiganja, akamtazama mzee aliyekuwa amekaa kwenye ngazi ya gereji akipeta mchele.

"Kufundisha si kazi yangu," akajibu. "Ila ninaye mwalimu."

Alhamisi, saa tatu asubuhi, Mwalimu Yeremia alisimama katika ukumbi mdogo wa hoteli mbele ya wahudumu kumi na wanne waliokaa na daftari mapajani. Alikuwa amevaa tai. Waliletewa ubao wa kuandikia, naye alikuwa amekuja na chaki zake. Alichora punje ya mchele kubwa kama papai, akaonyesha nje na ndani. Akaeleza wanga unavyogeuka sukari na sukari inavyogeuka kileo, na akawauliza maswali, na aliyejibu vibaya alimrudisha taratibu mpaka akapata. Koku alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na mlango, mikono nyuma.

Msichana mmoja wa mbele, beji yake ikisema Hellen, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, mgeni akiuliza imetengenezwa na nani, tumjibu nani?"

Mwalimu alishika kifutio. Aligeukia ubao, akafuta punje yote ya mchele mpaka ubao ukawa mweusi mtupu. Akaandika kwa herufi kubwa, polepole, kama alivyokuwa akiandika mada mpya siku ya kwanza ya muhula: KOKUBERWA YEREMIA MUTALEMWA. Akapigia mstari chini yake. Akasogea pembeni, ili na wa nyuma waone, na wahudumu wote kumi na wanne wakainama wakaandika.